Ratiba Ipimwe kwa Siku Mbaya: Hotuba kwa Wazazi wa Watoto Wadogo

Ndugu wazazi na walezi, waandaaji wa mkutano huu, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kuja, maana naelewa ilivyo kazi kwa mzazi wa mtoto mdogo kuketi saa nzima bila kuitwa. Kwa kuwa saa hiyo mmeipata kwa taabu, nitaingia moja kwa moja katika jambo lililonileta. Ratiba ya nyumbani haifai kupimwa kwa siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Ipimwe kwa siku mbaya, siku ambayo mtoto ameamka na homa, mwenzako yuko safarini, usiku hukulala, na kazini kuna shughuli isiyoahirishika. Ratiba ikisimama siku hiyo, itasimama siku zote. Ikianguka siku hiyo, basi tangu mwanzo ilikuwa ratiba ya mtu mwingine, mtu mwenye nguvu na nafasi ambazo wewe huna.

Wengi wetu tunapoamua kupanga upya mambo ya nyumbani, huwa tunafanya hivyo siku ya mapumziko, tumelala tukashiba usingizi, watoto wametulia, na karatasi iko mezani. Tunaandika kufua siku fulani, kusafisha siku fulani, kucheza na watoto jioni, kusoma hadithi, kuandaa chakula cha wiki nzima. Wiki ya kwanza mambo yanakwenda, ya pili yanayumba, na ya tatu karatasi imebaki ukutani kama shutuma. Hapo mzazi hujiambia kwamba hana nidhamu. Mimi sikubaliani na hukumu hiyo. Karatasi ile iliandikwa na mtu aliyepumzika, kisha ikakabidhiwa mtu aliyechoka, naye aliyechoka hakuulizwa. Ukitaka kupanga vizuri, panga jioni ile ambayo umechoka hasa, ukijiuliza ni mambo gani leo yangefanyika hata kama usingekuwa na nguvu ya kuyafikiria.

Kabla sijafika kwenye asubuhi, chakula na usingizi, niruhusuni nizungumzie sababu moja inayofanya kazi za nyumbani zisipungue hata pale vifaa vinapoongezeka. Mwanahistoria wa Marekani Ruth Schwartz Cowan alieleza mwaka 1983 kwamba mashine za nyumbani zilizoenea katika karne ya 20 ziliondoa sehemu kubwa ya suluba, lakini hazikumpa mama wa nyumbani mapumziko yaliyotarajiwa. Mashine ya kufulia ilipokuja, watu walianza kubadilisha nguo mara nyingi zaidi, na mizigo ya kufua ikaongezeka. Kazi ambazo zamani ziligawanywa kwa mume, watoto au mtumishi zikabaki kwa mtu mmoja aliyesimama mbele ya mashine. Somo ninalolipata mimi hapo ni kwamba muda unaookolewa humezwa na kiwango kilichopandishwa, tena bila mtu yeyote kuamua kukipandisha. Kwa hiyo anayetaka kurahisisha maisha ya nyumbani asianze kwa kutafuta mbinu ya kufanya kazi ileile haraka zaidi. Aanze kwa kuuliza kazi ipi iachwe.

Neno kuacha huwatisha watu, hasa tuliolelewa tukiamini kwamba nyumba isiyo na dosari ni heshima ya wenyewe. Lakini tazameni nguo za watoto. Nguo ya mtoto wa miaka miwili itakunjwa, itapangwa kabatini, na kesho yake asubuhi mwenyewe ataichambua rundo zima akitafuta fulana anayoipenda. Nguo za ndani, soksi na za kulalia hazihitaji kukunjwa. Kikapu kimoja kwa kila aina kinatosha, na mtoto mwenyewe anaweza kuchukua na kurudisha. Kupiga pasi nguo za kuchezea ni kazi ambayo haina mnufaika. Soksi zikiwa zote za rangi moja na aina moja, shughuli ya kutafuta mwenziwe inakufa yenyewe. Vivyo hivyo kwa vitu vya kuchezea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo nchini Marekani walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuwatazama watoto wadogo 36 wakicheza, mara wakiwa na vitu 4, mara wakiwa na vitu 16. Walipokuwa na vichache, walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na wakakichezea kwa namna nyingi zaidi. Kwa hiyo mzazi anayeweka sehemu kubwa ya vitu hivyo ndani ya sanduku, akavibadilisha baada ya wiki kadhaa, hamnyimi mtoto kitu. Anampa mchezo ulio bora na anajipunguzia uokotaji wa jioni.

Yapo mambo ambayo hayaguswi, nami nayataja ili mtu asije akaondoka hapa akidhani kwamba kurahisisha ni kulegeza kila kitu. Mikono kunawa kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Meno kupigwa mswaki mara mbili kwa siku, na mtu mzima kumalizia, kwa sababu mkono wa mtoto mdogo bado haujaweza kufika kila pembe. Dawa, mafuta ya taa, sabuni kali na viberiti kuwekwa juu na kufungiwa. Mtoto kutoachwa peke yake penye maji, hata kwa kitambo cha kupokea simu, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache tu kwenye ndoo au beseni. Mambo haya yabaki hata siku ile mbaya niliyoitaja mwanzoni, na faida ya kuacha yasiyo ya lazima ni kwamba haya ya lazima yanapata mtu mwenye akili iliyotulia.

Sasa tuje asubuhi, kwani hapo ndipo nyumba nyingi zinapovunjika. Ukiichunguza asubuhi ya vurugu, utaona kwamba kinachokula muda ni kutafuta na kuamua, ilhali kuvaa na kula vyenyewe havichukui muda mrefu hivyo. Kiatu kimoja hakionekani. Mtoto hataki shati hili. Fomu ya shule haijasainiwa. Ufunguo ulikuwa hapa sasa hivi. Kila moja ya shida hizo ingeweza kumalizwa jioni iliyotangulia kwa sehemu ndogo ya muda huo na bila kelele, kwa sababu jioni hakuna gari linalosubiri. Ndiyo maana nasema asubuhi hutengenezwa usiku: nguo za kesho zimewekwa mahali pamoja kuanzia ya ndani hadi viatu, mkoba umefungwa na kusogezwa mlangoni, chupa ya maji imejazwa, na kilicho cha kusainiwa kimesainiwa. Mtoto akitaka kuchagua nguo, achague usiku, tena kati ya mbili, kisha mjadala ufungwe.

Mahali pa vitu pana uzito kuliko tunavyofikiri. Mhandisi wa Marekani Lillian Gilbreth, aliyeishi kati ya mwaka 1878 na 1972 na aliyekuwa mama wa watoto 12, alichukua mbinu za viwandani za kupima mijongeo ya mfanyakazi akazipeleka jikoni. Alihesabu hatua ambazo mtu hutembea akiandaa chakula, kisha akapanga meza, jiko na makabati upya ili hatua zipungue. Anatajwa pia kuwa ndiye aliyebuni pipa la taka linalofunguliwa kwa kukanyaga na rafu zilizo ndani ya mlango wa friji. Sisi hatuhitaji kupima kwa saa ya mkononi kama yeye. Inatosha kujiuliza kitu hiki hutumika wapi, kisha kukiweka hapohapo badala ya kukiweka mahali ambapo vitu vya aina yake vimezoeleka kukaa. Mswaki wa pili wa mtoto unaweza kukaa karibu na sinki la jikoni ikiwa asubuhi yenu yote hupita jikoni. Soksi zinaweza kukaa mlangoni pamoja na viatu. Nepi na nguo za kubadilisha zinaweza kuwa na kikapu chake katika kila chumba mnachoshinda. Mgeni atashangaa kuona soksi mlangoni, na ashangae. Hatakuwepo saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunapozihitaji.

Tena, upangeni mtiririko kabla ya kupanga saa. Ratiba inayosema saa kumi na mbili na dakika ishirini mswaki, na dakika thelathini viatu, huharibika yote mtoto akichelewa chooni, kwa sababu kuanzia hapo kila mstari umekuwa wa uongo. Mtiririko unaosema choo, nguo, chakula, mswaki, viatu, mlango huvumilia kuchelewa, maana kinachofuata kinajulikana hata kama saa imesogea. Mtoto wa miaka mitatu hajui dakika tano ni kiasi gani, lakini anajua vizuri kwamba baada ya mswaki ni viatu. Ukichora picha za hatua hizo ukazibandika chini usawa wa macho yake, utaona kwamba ubishi unahama: mtoto anabishana na picha, na picha haipandishi sauti. Saa ibaki na kazi moja tu, ile ya kuonyesha wakati wa kutoka, na hiyo ni kazi ya mtu mzima.

Namna tunavyowaagiza watoto nayo ina sehemu yake katika uchovu wetu. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, katika viashiria vyake vya ukuaji, kinataja kufuata maagizo ya hatua mbili, kama vile kuweka kitu chini kisha kufunga mlango, kuwa jambo ambalo watoto wengi wanaliweza wakifika miezi 30. Linganisheni hilo na agizo letu la kawaida la asubuhi: nenda chumbani ukavue nguo za kulala uziweke kwenye kapu, uchukue soksi, usisahau kikombe, na umwite dada yako. Mtu mzima aliyesimamishwa ghafla angesahau nusu ya hayo. Mtoto akisahau tunasema hasikii. Agizo moja, lililotolewa ukiwa karibu naye na si kwa kupaza sauti kutoka chumba kingine, hufanya kazi kuliko matano. Naijua hamu ya kuyatoa yote kwa pumzi moja, kwani mzazi anaogopa kuyasahau yeye mwenyewe. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na picha ukutani.

Kwenye chakula nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila nyumba ina jiko lake. Kinachochosha zaidi, kwa maoni yangu, ni lile swali la kila jioni la tutakula nini, ambalo huulizwa wakati ambao njaa, kilio na uchovu vimekutana. Lijibuni mara moja kwa wiki. Ikiwa kila siku ya juma ina aina yake ya chakula, na mzunguko ukajirudia wiki inayofuata, hakuna mtoto atakayedhurika kwa kurudia, na wengi wao wanapenda kujua kinachokuja. Pika mara moja kwa milo miwili pale inapowezekana, lakini viporo viheshimiwe: Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2, kihifadhiwe kwenye baridi ya chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na kikipashwa moto kifike nyuzi 70 au zaidi hadi ndani. Kwa nyumba isiyo na friji, kupika kwa milo miwili si njia ya mkato. Humo wepesi utafutwe katika kuandaa mapema, kama kuchambua, kupima na kupanga vyombo, ili kazi ya jioni ibaki ya motoni tu. Na kuwe na mlo mmoja wa dharura, ambao viungo vyake havikosekani kabatini na mtu yeyote ndani ya nyumba anajua kuupika. Huo ndio mlo wa siku mbaya, na usionewe haya.

Jioni ina tabia tofauti na asubuhi. Asubuhi tunashindana na mlango. Jioni tunashindana na uchovu wa watu wawili, mtoto na mzazi, ambao kila mmoja anamwongezea mwenzake. Hapa utafiti unatupa msaada mzuri. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Jodi Mindell na wenzake walichapisha matokeo ya kina mama 405 wenye watoto wachanga na wadogo. Baadhi yao walipewa utaratibu wa kulala wa hatua tatu, yaani kuoga, kupakwa mafuta au losheni, na shughuli tulivu kama kubembelezwa au kuimbiwa, taa ikizimwa ndani ya dakika 30 baada ya kuoga. Katika majuma mawili ya kufuata utaratibu huo, watoto walisinzia mapema zaidi na kuamka usiku mara chache zaidi, na hali ya moyo ya mama zao ikawa njema zaidi. Mimi navutiwa na uchache wa hatua hizo. Wapo wazazi waliojenga utaratibu wa kulala wenye vituo kumi, hadithi nne na nyimbo sita, kila kimoja kikiongezwa kwa upendo, mpaka kulaza kukawa ajira ya saa moja na nusu ambayo babu, shangazi au msaidizi hawezi kuishika. Vituo vitatu vinaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye mapenzi mema, katika nyumba yoyote, hata safarini.

Muda wa kulala wenyewe ukokotolewe kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kuamka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza saa 11 hadi 14 za usingizi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 hadi 4, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Mtoto wa miaka mitatu anayelala saa moja mchana na anayelazimika kuamka saa kumi na mbili asubuhi, akihitaji saa kumi za usiku, anapaswa kuwa amesinzia ifikapo saa mbili usiku, maana yake kuoga kuanze kama saa moja na robo. Ukishaliona hilo kwenye karatasi, mambo mengi ya jioni yanajiamua yenyewe. Mwongozo huohuo unataka watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku ya kukaa mbele ya skrini, na walio chini ya mwaka mmoja wasiwe nayo kabisa. Najua skrini ndiyo yaya wa saa ya kupika. Sitawahubiria, nitasema tu kwamba saa hiyo moja, ikitengwa wakati ule mzazi yuko motoni na kuzimwa chakula kinapoiva, inamaliza ugomvi wa kuomba simu siku nzima, kwa sababu jibu tayari linajulikana.

Ndugu zangu, nimefika kwenye sehemu ninayoiona nzito kuliko zote, nayo haina uhusiano na vikapu wala picha za ukutani. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018, wanawake duniani hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi ya malezi na ya nyumbani isiyolipwa, wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa siku, ilhali wanaume hufanya saa 1 na dakika 23. Hizo ni saa zinazoonekana. Ipo kazi nyingine ambayo haionekani. Mwanasosholojia Allison Daminger, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2019 baada ya kuzungumza na wanandoa 35, aliigawa kazi hiyo ya kichwani katika sehemu nne: kutabiri hitaji kabla halijafika, kutafuta njia za kulitimiza, kuamua, na kufuatilia kama limetimia. Aligundua kwamba kuamua mara nyingi hushirikiwa, lakini kutabiri na kufuatilia huangukia zaidi kwa mwanamke. Fikirieni viatu vya mtoto. Kwenda kununua ni nusu saa. Lakini kuna mtu aliyetambua kwamba vinabana, akakumbuka ukubwa, akawaza mvua zinakaribia, akasubiri mshahara, na baada ya kununuliwa akachungulia kama vinamkaa. Anayesema nilikusaidia kununua viatu anasema kweli, ila amebeba sehemu ndogo.

Kwa sababu hiyo sipendi mgawanyo wa kazi unaomwacha mmoja kuwa msimamizi na mwingine kuwa msaidizi anayesubiri kutumwa. Kaya itarahisika pale jambo zima, kuanzia kulitabiri hadi kulifuatilia, litakapokabidhiwa kwa mtu mmoja. Baba akichukua kliniki na chanjo, basi kadi anaitunza yeye, tarehe anaikumbuka yeye, ruhusa kazini anaiomba yeye, na mama haulizwi. Mama akichukua nguo, baba haulizi zipo wapi na wala hapangi upya kabati. Hapa pana sharti gumu kwa anayekabidhi: akubali jambo lifanywe kwa namna isiyo yake. Ukimpa mwenzako kazi ya kuvalisha, kisha ukamvua mtoto na kumvalisha upya kwa sababu rangi hazikupatana, kazi imekurudia, na safari hii itakaa. Walio peke yao bila mwenza wasidhani sehemu hii si yao. Kwao kazi ya kichwani ndiyo kubwa kuliko kwa yeyote, na namna ya kuipunguza ni kuitoa kichwani na kuiweka mahali panapoonekana: kalenda moja tu, iwe ya ukutani au ya simu, ambayo kila tarehe huandikwa hapohapo inapotajwa. Kalenda mbili ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwani kila moja humfanya mtu aiamini nusu.

Kipimo changu kwa yote haya ni rahisi kukijaribu. Mwandikie mtu unayemwamini, bibi wa mtoto, jirani au msaidizi, karatasi moja inayoeleza asubuhi na jioni ya nyumba yenu, kisha mwachie nyumba kwa jioni moja. Kila swali atakalolazimika kukupigia simu kuuliza ni jambo ambalo bado linaishi ndani ya kichwa chako pekee. Liandike, au lirahisishe, au liache kabisa. Siku utakapougua, karatasi hiyo itakuwa na thamani kuliko fanicha yoyote uliyo nayo.

Kuhusu watoto wenyewe, nawaomba msisubiri wakue ndipo wasaidie. Wanasaikolojia Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wa miezi 18 humsaidia mtu mzima wasiyemfahamu bila kuombwa wala kulipwa: mtu akianika nguo akaangusha kibanio, mtoto humwokotea, akigonga kabati lililofungwa huku mikono imejaa, mtoto huenda kumfungulia mlango. Hamu hiyo ipo mapema, kisha sisi wenyewe tunaifukuza kwa kusema ngoja, utamwaga, kaa mbali. Sitawadanganya kwamba msaada wa mtoto wa miaka miwili unaokoa muda. Unapoteza muda, tena sana, na siku mbaya hamna budi kumpa kitambaa afute ukuta huku nyinyi mkifanya kazi. Lakini mtoto aliyezoea kupeleka sahani yake jikoni akiwa na miaka mitatu hataona ajabu akiwa na miaka saba, na hapo ndipo muda utakaporudi.

Swali ambalo huulizwa sana ni itachukua muda gani mazoea haya kushika. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya, na katika matokeo waliyochapisha kwanza mwaka 2009 walieleza kwamba zoea lilifikia kiwango cha kujiendea lenyewe kwa siku 66 kwa kadirio la kati, huku tofauti baina ya watu ikiwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Jambo la kufariji zaidi katika utafiti huo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa zoea kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Wale walikuwa watu wazima wanaojisimamia wenyewe. Ongezeni hapo mtoto mwenye meno yanayoota, na mtaelewa kwa nini nasema badilisheni jambo moja tu kwa wakati. Anzeni na la jioni, kwa kuwa ndilo linalozaa asubuhi. Likishika, ndipo mwende kwenye jingine. Na mkivurugikiwa kwa sababu ya ugonjwa, safari au wageni, msianze kwa kutafuta ratiba mpya. Rudini kwenye hatua tatu za kulala usiku huohuo, mengine yatafuata kwa zamu yake.

Kila kitu nilichosema kina muda wake wa kuishi. Mtoto ataacha usingizi wa mchana, na jioni yote itasogea. Atapata mdogo wake, na mtiririko wa watu wanne hautakuwa ule wa watatu. Ataanza shule, na mlango utakuwa na saa mpya. Katika kila mabadiliko ya namna hiyo, kaeni wote wanaohusika, pamoja na msaidizi kama yupo, mwipitie karatasi mstari kwa mstari, na mfute kabla ya kuongeza.

Muda niliopewa umekwisha. Nakaribisha maswali, na ningependa kuanza na wale wanaofanya kazi za zamu za usiku, kwa sababu asubuhi yao ni jioni ya wengine na wana mambo ya kutueleza ambayo sisi wa mchana hatuyajui.